Akaunti ya Mgeni, Bariadi

Choroko tunazovuna mimi na dada yangu kule Itilima huuzwa kwa shilingi za Tanzania, na ada ya binti yake anayesomea uuguzi Mwanza hulipwa kwa shilingi hizo hizo. Lakini kati ya mauzo na ada, kwa miaka kadhaa, pesa hiyo ilikuwa inasafiri hadi Kisumu ninakoishi, inageuzwa kuwa ya Kenya, inakaa miezi miwili mitatu, kisha inageuzwa tena na kurudi ilikotoka. Kila inapogeuzwa, kuna mtu anabaki na chake. Shamba ni la shemeji, nguvu ni za dada, mbegu na vibarua ni mfuko wangu. Aliyekuwa akivuna bila kupalilia ni mwenye kibanda cha kubadilisha fedha.

Njia fupi ingekuwa kuiacha kwenye akaunti ya dada. Yeye ndiye aliyekataa. "Pesa ya watu wawili ikikaa kwenye jina la mtu mmoja," aliniambia kwa simu, "siku ya maneno kila mtu anahesabu peke yake. Njoo ufungue yako hapa Bariadi, mimi nikiuza nakuwekea." Akaongeza kwamba benki zipo na wafanyakazi wake ni waungwana. Yote mawili yalikuwa kweli.

Basi mwanzoni mwa Agosti 2025 nikapanda matatu ya Migori.

Pale mpakani, Isebania ikiwa upande wetu na Sirari upande wao, uhamiaji na forodha wa nchi mbili wamewekwa katika kituo kimoja, na foleni ikienda vizuri unatoka Kenya na kuingia Tanzania kabla chai uliyonunua nje haijapoa. Mkenya huvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania haikuingia katika mpango huo, kwa hiyo hapa ni pasipoti, na kadi ya homa ya manjano juu yake. Afisa aliisoma kadi ya chanjo kwa makini kuliko pasipoti. "Unaenda wapi?" Bariadi. "Kufanya nini?" Kumsalimia dada. Akagonga muhuri. La benki sikulitaja, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Nje wakasimama vijana wa kubadilisha fedha, mabunda mkononi, kikokotoo kwenye simu. Shilingi moja ya Kenya ilikuwa inakaribia 20 za Tanzania, na bei ya kijana wa kwanza haikuwa ya kijana wa tatu. Ningependa siku moja mtu aandike historia ya hapa kwa kufuata noti tu. Kuanzia 1921 mkulima wa pamba wa Bariadi na mvuvi wa Kisumu walikuwa na shilingi moja mfukoni, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango Juni 1966, Kenya na Uganda nazo zikaanzisha za kwao mwaka huo huo, na shilingi moja ikawa tatu. Miaka kumi na moja baadaye Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka huu ukafungwa tangu 1977 hadi 1983, na Wakurya wa pande zote mbili, ambao mstari ule uliwapita katikati ya ukoo, wakawa wanatembeleana kwa njia za mbuzi. Jumuiya ya sasa ilitiwa saini Arusha Novemba 1999. Imefika nchi nane. Vijana wenye mabunda hawajakosa kazi.

Kutoka Sirari lami inapita Tarime, inavuka mto Mara kwenye daraja la Kirumi, inaiacha Musoma kulia na Butiama kushoto, inafika Bunda. Baada ya hapo Serengeti inakuja karibu kabisa na barabara. Lango la Ndabaka unalipita kushoto, na ziwa liko kulia. Lamadi ndipo basi la Mwanza linapokuachia. Hapo ukishuka unaitwa na madereva wa michomoko, yale magari madogo ya Kijapani ambayo kiwandani yalihesabiwa abiria wanne na dereva. Hesabu hiyo haijafika Lamadi. Mbele tulikaa watatu, na wa katikati, yaani mimi, nilikuwa nahama kila dereva alipobadilisha gia.

Ni kama kilomita 70 hadi Bariadi. Agosti ni kiangazi, udongo mweusi wa mbuga umepasuka, ng'ombe wanatembea kwa mistari kufuata maji, na mashambani yamebaki mabua ya pamba yanayosubiri kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Bado palikuwa na vipande vyeupe vilivyonasa kwenye majani kando ya lami, vilivyodondoka kwenye malori. Bariadi ilikuwa makao ya wilaya tu katika mkoa wa Shinyanga mpaka Machi 2012, ilipotangazwa mikoa mipya ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Tangu hapo mji, ukiwa makao ya Simiyu, umevimba kwa ofisi, nyumba za wageni na maduka ya vifaa vya ujenzi. Shemeji, ambaye zamani alikuwa dereva wa lori la mashudu ya pamba akileta Kenya, na ndivyo alivyompata dada, alinipokea stendi kwa pikipiki. "Mwadila, shemeji," akasema, akanisubiri niitike Kisukuma changu kibovu kabla hajaupokea mkoba.

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa, Agosti 8, Nane Nane, siku ya wakulima, na benki zimefungwa nchi nzima. Simiyu inaijua sikukuu hii. Maonesho ya kitaifa yaliwahi kufanyika viwanja vya Nyakabindi, nje ya mji, mwaka 2018, 2019 na 2020. Shemeji hakutaka kukaa nyumbani akanipeleka kijijini kwao, ambako ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, lilikuwa wazi kama siku nyingine yoyote, msimu ukielekea ukingoni.

Nilisimama pale mizani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mama mmoja aliteremsha kwenye baiskeli furushi la shuka lililofungwa pembe nne. Karani hakuliweka juu ya mizani mara moja. Alifungua fundo, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa na konzi ya pamba kutoka chini kabisa, akaifinya, akaipeperusha karibu na sikio. Anasikiliza mchanga, shemeji akaniambia. Pamba iliyonyunyiziwa maji au kutiwa mchanga inaongezeka kilo, na kesi zake kule Usukuma ni za tangu enzi ya babu. Iliyo nzuri inaitwa safi, iliyochafuka inaitwa fifi, na bei zake si moja. Ya mama yule ilikuwa safi. Ikapimwa, kilo zikaandikwa kwenye daftari na kwenye stakabadhi, kisha karani akauliza bila kuinua macho: "Simu au benki?" Mama akataja namba ya simu yake kwa kasi ya mtu aliyeitaja mara nyingi. Noti haikuonekana. Alikunja shuka lake tupu, akaondoka.

Mizani ndiyo iliyozaa ushirika wa eneo hili. Miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kilo na wafanyabiashara, na kijana aliyewaunganisha, Paul Bomani, akaongoza kile kilichokuja kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, mwaka 1955. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Serikali hiyo hiyo ilivunja vyama vikuu vya ushirika 1976 na kuviruhusu tena 1982. Kwa mkulima wa hapa, swali la nani anashika pesa zako, na kwa jina la nani, ni la zamani kuliko benki yoyote ya mjini.

Jumamosi benki hufungua nusu siku. Tulifika mapema mimi na dada. Tawi lenyewe ni dogo, safi, viti vya chuma vimeshikana, mlinzi anasalimia kila mtu kwa cheo anachodhani anacho. Mimi nilikuwa "mheshimiwa". Dada wa huduma kwa wateja alikuwa kijana, ana kalamu mbili, moja ya kuandika na moja ya kuchezea.

"Karibu, kaka. Naomba namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa."

"Sina. Mimi natoka Kenya."

"Aa, Kenya! Karibu sana. Basi kibali cha kuishi."

"Sina. Siishi hapa. Ninaishi Kisumu."

Akaweka kalamu zote mbili chini. "Sasa kama huishi hapa, akaunti ya nini?"

Aliuliza kwa upole wa kweli, kama mtu anayeogopa nisije nikapoteza pesa. Nikaeleza: choroko, ada, Mwanza, kubadilisha mara mbili. Dada yangu akaeleza tena yale yale kwa Kisukuma, kwa urefu, na nadhani alitia na habari za mama yetu. Mwisho wake yule binti akavuta fomu kutoka droo ya chini, akaifungua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye mstari wenye visanduku viwili: mkazi, asiye mkazi. "Kipo," akasema. "Ila sijawahi kukiweka tiki hiki cha pili."

Nilikuwa nimebeba kila kitu: pasipoti, kitambulisho cha Kenya, namba ya mlipakodi ya Kenya, picha nne, taarifa ya benki yangu ya miezi sita. Alivipanga mezani kimoja kimoja. Kwanza akataka kuona mashine inasema nini. Ni kijisanduku kidogo cha kusomea alama za vidole, kina taa ya kijani chini ya kioo. Akamwomba dada aweke dole gumba. Papo hapo kwenye kompyuta likatokea jina, picha, tarehe ya kuzaliwa, mtaa. Dada alizaliwa nyumba moja na mimi. Aliolewa huku, akaomba uraia, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, ingawa Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu, aliachia ule wa Kenya. Kisha nikaweka dole langu. Taa ikawaka, mashine ikafikiri, skrini ikabaki tupu. Haikunikataa. Haikuwa na pa kunitafuta.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye fundo lote. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, na ndani yake imo ahadi ya mitaji kuvuka mipaka kwa uhuru. Mwaka 2014 Tanzania ilirekebisha kanuni zake za fedha za kigeni, ikawafungulia wakazi wa nchi za Jumuiya njia ya kuwekeza, hata kununua hati fungani za serikali. Mwanasheria atakuambia hakuna kinachomzuia Mkenya kuwa na akaunti Bariadi, na atakuwa sahihi. Lakini afisa wa benki hafanyi kazi na itifaki. Anafanya kazi na sheria ya kudhibiti utakatishaji fedha ya 2006, inayomtaka amjue mteja, ni nani, anakaa wapi, pesa yake imetoka wapi, na majibu hayo kwa Mtanzania yako chini ya kioo cha kijani. Kwa Mkenya yako kwenye mashine nyingine, Nairobi, na mashine hizo mbili hazisalimiani. Viongozi wetu wamekutana Arusha mara nyingi kuzungumzia sarafu moja. Ningekuwa na nafasi ya kusema, ningewaomba waanze na kijisanduku hiki.

Benki zenyewe zilishavuka zamani. KCB ya Kenya iliingia Tanzania 1997, Equity ikafuata 2012. CRDB ya Tanzania ikaenda Burundi 2012 na Kongo 2023. Watu wengi wa kwetu hudhani ukiwa na akaunti kwenye benki ya Nairobi, basi unayo pia kwenye benki dada yake ya Dar es Salaam. Huna. Ile ni kampuni nyingine, ina leseni ya Benki Kuu nyingine, na faili lako halikuvuka pamoja na nembo.

Yule binti aliuliza maswali yake, nami nikayaona ni ya haki, hata lile lililonichoma. "Kenya si iko kwenye orodha ya kijivu?" Alikuwa sahihi. Orodha hiyo ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kuzuia fedha haramu iliichukua Tanzania Oktoba 2022 na kuiachia Juni 2025, miezi miwili tu kabla sijaketi mbele yake. Kenya iliingia Februari 2024 na siku hiyo ilikuwa bado imo. Nchi iliyotoka juzi haitaki kurudishwa na wageni, na mimi nilikuwa natoka katika nchi iliyobaki ndani.

Kisha choroko. "Unanunua wewe mazao?" aliuliza, safari hii akisoma uso wangu. Wiki moja na nusu nyuma, Julai 28, ilikuwa imetoka amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, ikitaja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya Tanzania: rejareja, uwakala wa pesa za simu, ufundi simu, saluni, kuongoza watalii, na, lililo karibu zaidi na ghala la AMCOS, ununuzi wa mazao shambani. Kenya walilalamika kwamba amri inapingana na Soko la Pamoja. Sokoni Bariadi nilisikia upande wa pili, nao una hoja: mnunuzi mgeni anakuja na pesa taslimu mavuno yakiwa bado shambani, anapanga bei kwa mkulima mwenye njaa, anaondoka kabla mnunuzi wa ndani hajapata mkopo. Nilimwambia yule binti kwamba sinunui, natoa mbegu na dada ndiye anayeuza. Alitafakari, akaandika kwenye mstari wa chanzo cha fedha: mgao wa kilimo cha familia. Ningemlipa mhariri mshahara mzuri apate maneno matano kama hayo.

Akapiga simu Mwanza. Mwanza wakasema waulize Dar es Salaam, na Dar es Salaam ilikuwa Jumamosi. "Jumatatu, kaka. Njoo na barua ya mtendaji wa mtaa."

Jumapili tulikwenda kuangalia mpira. Ulikuwa ule mwezi ambao Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya CHAN, na siku hiyo Kenya ilicheza na Morocco Kasarani. Banda la video lilijaa Wasukuma waliokuwa wakiishangilia Harambee Stars kwa nguvu kuliko mimi. Tulishinda 1-0. Mzee aliyekaa nyuma yangu, alipojua natoka Kenya, alinipa mkono kana kwamba mimi ndiye niliyefunga, kisha akaniuliza kama kweli kwetu ng'ombe mmoja anafika bei aliyosikia redioni. Anafika. Akaguna, akahesabu kimoyomoyo, na nadhani usiku ule alipanga safari.

Ofisi ya serikali ya mtaa ina chumba kimoja, benchi nje na bendera. Nje walikuwapo watu wengi kuliko benki: anayetaka barua ya dhamana, anayetaka barua ya mtoto kuanza shule, wawili wenye kesi ya mpaka wa kiwanja. Dada alinibana kiwiko niamkie kwanza mwenyekiti wa mtaa, mzee aliyechaguliwa katika uchaguzi wa Novemba 2024. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Huyu ndiye yule wa Kisumu?" Kwa hiyo nilikuwa nimeshafika kwenye kumbukumbu, tena bila dole gumba. Alijua nimelala kwa nani na nimeingia na mchomoko wa nani.

Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Alisoma pasipoti yangu hadi kurasa tupu. Dada akamwomba aandike kwamba naishi kwake, ili mambo yawe mepesi.

"Hapana, dada yangu," akasema. "Nikiandika anaishi hapa, Uhamiaji watakuja kuniuliza mimi, si yeye. Nitaandika alivyo."

Akaandika alivyo. Aliandika kwa mkono, herufi za mtu aliyefundishwa hati: kwamba mtajwa ni raia wa Kenya mwenye pasipoti namba kadhaa, ni mdogo wa fulani ambaye ni mkazi wa mtaa huu, hufikia kwake anapokuja, si mkazi wa mtaa huu, na uongozi wa mtaa hauna taarifa mbaya juu yake. Kisha akautoa mhuri kwenye droo. Kidau cha wino kilikuwa kikavu. Aliufungua mdomo akaupulizia mhuri pumzi ya moto mara mbili, kama mtu anayesafisha miwani, akaukandamiza kwa uzito wa mwili wote. Ukatoka wa bluu iliyofifia, lakini tarehe ilisomeka. Mwenyekiti naye akatia sahihi, kwa kuwa yeye ndiye aliyenijua.

Nilipoipeleka benki nilitarajia ile "si mkazi" itaniharibia. Kumbe ndiyo iliyofungua mlango. Yule binti aliisoma kwa simu, neno kwa neno, na Dar es Salaam wakamwambia barua iliyosema ninaishi Bariadi bila kibali ingekuwa sababu ya kunikataa pale pale. Aliye mgeni na akasema ni mgeni, fomu yake ipo. Kilichobaki kilikuwa uthibitisho wa ninakoishi kweli, na huo usingeweza kutoka Simiyu. Bili ya umeme? Kisumu natumia tokeni, na mita ina jina la mwenye nyumba. Taarifa ya benki yangu? Ilichapwa kutoka kwenye simu, haina mhuri wa wino. Nikamweleza kwamba kwetu siku hizi benki haigongi mhuri, kila kitu ni cha mtandaoni. Akaniangalia kwa huruma. "Kaka, wao watagonga tu ukiwaomba. Hapa bila mhuri siwezi kuituma."

Aliweka nakala zangu kwenye faili la rangi ya samawati na kuandika jina langu mgongoni kwa herufi kubwa. Nilimwomba namba ya tawi, akanipa, na dada akamwahidi kuku. Sheria ya benki, akasema, hairuhusu kuku. Wakacheka wote wawili, kwa hiyo sijui liliishaje.

Kisumu, benki yangu iliuliza mhuri wa nini, wakautafuta, wakaupata kwa meneja. Waligonga kila ukurasa, wakanipa na barua kwamba ni mteja wao na anwani yangu ni hiyo. Bahasha ikaenda na dereva wa lori la mashudu, rafiki wa shemeji, kwa kuwa ndiyo njia ninayoiamini hadi mlangoni. Mwezi Septemba ukingoni ujumbe ukaingia kwenye simu: karibu, akaunti yako namba kadhaa iko tayari. Dada alikuwa wa kwanza kuweka pesa, kwa wakala aliye karibu na soko, pesa ya magunia ya mwisho. Binti yake alilipiwa ada ya awamu ya kwanza kutoka hapo bila shilingi moja kupita Sirari.

Wananiuliza wenzangu wa Kisumu kama nao wafanye hivyo. Anayemtumia mama yake elfu mbili tatu kwa mwezi asijisumbue. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana tangu 2015, na makato yake ni madogo kuliko nauli ya kwenda kuchukua barua ya mtendaji. Anayeuza na kununua upande ule ule wa mpaka, kama sisi na choroko zetu, aende, aende na barua zenye mhuri, na asimwombe mtu yeyote amwandikie kwamba ni mkazi. Kutuma pesa kutoka benki yangu ya Kisumu kwenda akaunti ya Bariadi nilijaribu mara moja, na licha ya mfumo wa malipo unaounganisha benki kuu za Afrika Mashariki tangu 2013, shilingi yangu ilipitishwa kwenye dola kabla ya kuwa shilingi tena. Sirudii. Akaunti ile naiacha ijazwe kutoka huko huko.

Kadi bado sijaichukua. Wanataka nifike mwenyewe tawini, na pasipoti. Programu ya simu nayo inataka laini ya Tanzania iliyosajiliwa kwa dole langu. Nilipomweleza dada kwamba haya yote yatangoja msimu ujao, alisema hapana, nije Desemba, kwa kuwa choroko zimepanda bei na anahitaji mtu wa kushika gunia mdomo wakati yeye anajaza.